Gitaa la benga kutoka santuri ya zamani: ruhusa naiomba kwa nani?

biti_za_umoja

Wadau, hamjambo. Kuna wimbo karibu uko tayari na msanii anataka utoke baada ya wiki sita. Mdundo nimeujenga juu ya vipande vitatu:

Cha kwanza ni gitaa la solo kutoka santuri ya benga ya mizunguko 45, baa nne, kama sekunde tisa. Nimelishusha nusutoni tatu, nikalikatakata na kulizungusha wimbo mzima.

Cha pili ni sauti ya mwanamke, maneno matatu tu, kutoka wimbo wa soul wa Marekani. Inasikika mara mbili kabla ya kiitikio.

Cha tatu ni lupu ya ngoma kutoka tovuti ya kulipia kila mwezi.

Lebo ya santuri ilikuwa na duka River Road, Nairobi, siku hizi haipo. Mtunzi alifariki 1998. Kijana wake yuko tayari kutia sahihi kwa elfu ishirini. Wimbo utaenda kwa msambazaji wa mtandaoni, YouTube na Skiza (ile milio ya simu ya Safaricom).

Sahihi ya kijana inatosha? Santuri ya umri huo si imeshakuwa mali ya umma? Na ile ya "chini ya sekunde saba hakuna shida", ni kweli?

---

Karatasi_Kwanza

Mkuu, hizo elfu ishirini zikae kwanza M-Pesa. Hujajua bado unanunua nini.

Santuri hiyo imebeba mali mbili. Kuna utunzi, yaani muziki na maneno, na huo ni wa aliyeutunga. Halafu kuna rekodi yenyewe, masta, yaani ule mlio hasa ulionaswa siku ile studio. Sheria yetu ya Hakimiliki, Cap 130 ya 2001, inasema mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Kwa mtindo wa River Road, huyo kwa kawaida alikuwa mwenye duka: anakodi studio, anawalipa wapigaji mara moja, anapeleka kanda kiwandani, anauza santuri dukani kwake. Ukichota kipande kutoka santuri unagusa mali zote mbili. Kijana wa mtunzi, hata awe na makaratasi yote duniani, anaweza kukupa utunzi tu. Hawezi kuuza masta ambayo babake hakuwa nayo.

Sasa ichukue santuri uisome chini ya taa. Majina yaliyo kwenye mabano chini ya jina la wimbo ndiyo ya watunzi. Jina kubwa ni la bendi, na bendi si lazima iwe na utunzi. Pembeni kuna namba ya katalogi. Kisha iinamishe uangalie ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo: kuna namba imechongwa kwa mkono au kupigwa kwa chuma. Hiyo ndiyo namba ya matriki, na ndiyo kitambulisho halisi cha rekodi, kwa sababu wimbo mmoja uliweza kutolewa na lebo mbili kwa namba mbili za katalogi. Piga picha pande zote mbili.

Kosa la kawaida: mtu anaona chini ya lebo jina la kiwanda kilichochapa santuri, anamwandikia huyo. Mchapaji hana haki yoyote. Alilipwa kazi ya kuchapa akamaliza.

Ukishapata jina la lebo, tafuta sehemu hizi. Discogs, tovuti ya orodha za santuri, ulinganishe namba. Rejesta ya kazi ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, uone kama kuna mtu ameshaiandikisha. Hifadhidata za vyama: MCSK kwa upande wa watunzi na wachapishaji, na KAMP kwa upande wa wenye rekodi. Kama lebo ilikuwa kampuni, omba CR12, taarifa rasmi ya kampuni, kupitia eCitizen uone wakurugenzi na wenye hisa. Kama ilikuwa jina la biashara tu, utafute mwenye jina hilo au warithi wake. Kama ni lebo kubwa, fuata mnyororo wa mauzo: CBS iliuzwa kwa Sony 1988, PolyGram ikamezwa na Universal 1998, na rekodi nyingi za EMI zikaenda Universal 2012. Lakini usidhani kwamba kila kitu kilichotolewa Nairobi kwa nembo ya kampuni kubwa kilikuwa mali yake. Mara nyingi waliichapa kwa leseni tu, na masta ikabaki kwa mwenye duka.

Kama nembo ni ya Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya zamani, au kipande ni cha kanda ya redio hiyo, hapo mlango ni KBC iliyoirithi.

---

Nusu_Toni

Sekunde saba, sekunde sita, baa mbili, noti nane. Hakuna hata moja iliyoandikwa popote. Cap 130 inazungumzia kazi nzima au sehemu yake ya maana, katika umbo la asili au umbo lolote linalotambulika kwamba limetoka kwenye la asili. Gitaa lako linazunguka wimbo mzima. Hilo si pembeni mwa kazi yako, ndilo kazi yenyewe.

Kwa anayependa kesi: Ujerumani walibishana miaka na miaka juu ya kipande cha mdundo wa Kraftwerk cha sekunde mbili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua Julai 2019 kwamba hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa ya mwenye rekodi, isipokuwa kimebadilishwa mpaka sikio halikitambui. Marekani mahakama za rufaa zenyewe hazikubaliani: moja ilisema 2005 pata leseni au usichote kabisa, nyingine 2016 ikasema kipande kidogo mno kinaweza kusamehewa. Wimbo wako utasikika kote huko siku moja, saa ileile. Kwa hiyo panga kwa kufuata ile kali.

Na kushusha nusutoni tatu si kuficha. Mashine za kutambua sauti zinaweza kupata vipande vilivyobadilishwa kasi na kimo, na warithi wana masikio.

---

wakili_wa_benchi

Mimi niende kwa huyo kijana, maana hapo ndipo wengi wanapoliwa.

Mtu akifariki, haki ya utunzi inaingia kwenye mirathi yake kama shamba na ng'ombe. Anayeweza kutia sahihi ni msimamizi aliyetajwa kwenye hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kijana bila hati ni mmoja wa warithi, hana mamlaka ya kufunga mkataba kwa niaba ya mirathi. Sheria ya Urithi, Cap 160, kifungu cha 45, inaita hiyo kujiingiza katika mali ya marehemu, na ni kosa. Wala barua ya chifu haitoshi. Barua ya chifu hutaja warithi ili kesi ianze, haimpi mtu uwezo wa kuuza wala kukodisha.

Mwombe kijana vitu vitatu: nakala ya hati ya usimamizi, cheti cha kifo, na kitambulisho cha kila aliyetajwa kwenye hati. Kama wasimamizi ni wawili, watie sahihi wote wawili. Familia nyingi zilichukua hati kwa ajili ya shamba tu na hakimiliki haikuorodheshwa popote. Hilo halimzuii msimamizi kushughulika nayo, lakini mwandike wazi kwenye mkataba kwamba anatia sahihi kama msimamizi wa mirathi ya fulani, kesi namba fulani. Jina lake peke yake halitoshi.

Kama hawana hati kabisa, wiki sita zako zimekwisha hapo. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, watu wanapewa siku 30 za kupinga, na uthibitisho kwa kawaida huja baada ya miezi sita. Ikiwa kuna wake wawili na nyumba mbili, na kwa wanamuziki wa enzi ile hiyo si ajabu, ongeza muda.

Jambo jingine ambalo maprodyusa hulisahau. Kifungu cha 32 cha Cap 130 kinampa mtunzi haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa, na akifariki haki hizo wanaweza kuzidai warithi wake. Hizo haziuzwi pamoja na leseni. Kama msanii wako anatukana juu ya gitaa la marehemu ambaye familia yake ni ya kanisani, wapelekee mashairi kabla ya kutia sahihi, si baada. Mkataba useme kwamba wameyasoma na kuyakubali, na mashairi yaambatanishwe kama jedwali.

---

biti_za_umoja

Asanteni sana. Nimeangalia santuri. Kwenye mabano kuna majina mawili: la marehemu, na jina lingine ambalo si la mtu wa bendi. Mwaka haukuandikwa, ila kwa kulinganisha namba za katalogi Discogs, santuri iliyotangulia na iliyofuata zote ni za 1971.

Je, rekodi ya 1971 si imetoka hakimiliki?

---

Karatasi_Kwanza

Hapa uwe makini, jibu ni mawili kwa wakati mmoja.

Kwa hesabu ya Kenya, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ya 1971 iliisha tarehe 31 Desemba 2021. Angalia, mwaka unaohesabiwa ni wa kurekodi, na santuri wakati mwingine ilitolewa mwaka mmoja au miwili baadaye. Kwako haibadilishi kitu.

Utunzi una hesabu yake: miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Aliyefariki 1998 analindwa mpaka mwisho wa 2048. Na kwa kuwa kuna majina mawili, hesabu inaanza kwa atakayekuwa wa mwisho kufariki. Kama yule wa pili yuko hai, saa haijaanza hata kugonga. Inawezekana sana kwamba hilo jina la pili ni la mwenye duka aliyejiandika kwenye utunzi ili apate nusu ya mirabaha, mchezo wa kawaida wakati ule. Hata hivyo huwezi kumfuta kwa sababu unashuku. Liko kwenye lebo, huenda liko na MCSK pia. Mtafute yeye au warithi wake, au familia ya mtunzi ikuonyeshe maandishi kwamba hana sehemu.

Sasa upande wa pili. Marekani wana sheria yao ya 2018: rekodi zilizonaswa kabla ya tarehe 15 Februari 1972, zikiwa zilitolewa kuanzia 1957 hadi siku hiyo, zinalindwa huko mpaka tarehe 15 Februari 2067. Haijalishi Nairobi zimekwisha. Kwa hiyo masta hiyohiyo iko huru hapa Tom Mboya Street na imefungwa Chicago. Unapojaza fomu ya msambazaji na kuchagua dunia nzima, unaahidi kwamba una haki kila mahali.

Kuna wanaochagua Afrika Mashariki pekee kwenye orodha ya nchi. Inawezekana, ila utakata wasikilizaji wote wa ng'ambo, na video ya YouTube lazima nayo ifungiwe nchi hizohizo. Mimi singeenda njia hiyo kwa ajili ya baa nne za gitaa.

---

fundi_waya

Piga gitaa upya. Kwisha. Masta inatoka kwenye hesabu, unabaki na utunzi peke yake, ambao hata hivyo ungeulipia.

Lakini lipigwe vizuri, maana wengi hujaribu, wanapata kitu kisafi kama tangazo la benki, wanarudi kwenye santuri.

Kwanza kimo. Santuri za zamani hazikai kwenye noti A ya 440 Hz. Bendi ilijiwekea tuni yake, kanda ilikimbia kasi yake, na plata yako ya kuchezea santuri ina kasi yake. Pima kwa tuna (kifaa cha kupimia kimo): usishangae ukikuta iko senti 20 au 30 nje, yaani sehemu za mia za nusutoni. Mwambie mpiga gitaa atuni kwa gitaa la kwenye santuri, piano uiache.

Pili mwendo. Hakuna metronomu ndani ya benga ya 1971. Tempo inasogea ndani ya baa hizohizo nne, na huo msogeo ndio unaokufanya utikise kichwa. Weka alama ya kila mpigo kwa mkono, tengeneza ramani ya tempo, mpigaji afuate ramani hiyo. Akifuata kliki iliyonyooka, noti zitakuwa sahihi na wimbo utakuwa umekufa.

Tatu sauti. Rekodi njia mbili kwa pamoja: laini moja kwa moja kutoka gitaa, na maikrofoni mbele ya amplifaya ndogo. Nyuzi nyembamba, pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya karibu na daraja, mpigaji apige karibu na daraja pia. Baadaye kata chini ya 120 Hz, kata juu ya 6 au 7 kHz, ongeza mkwaruzo kidogo wa kanda, ifanye mono. Kishindo cha santuri chukua kutoka mfereji mtupu wa santuri isiyo na muziki, au pakiti ya sauti uliyolipia leseni. Usikiokote kwenye santuri ileile, hata kama ni "kelele tu".

Kinachoharibu kazi: prodyusa anaacha kipande cha asili kwenye mradi kama mwongozo, ameshusha sauti yake badala ya kukifuta. Mixi inatoka na asili iko chini kabisa kwa desibeli 30, sikio halisikii, mashine inaweza kusikia. Kabla ya kutoa faili ya mwisho, futa chaneli hiyo kabisa, hifadhi mradi kwa jina jipya, ndipo utoe. Na utunze faili ya kila ala pamoja na video fupi ya simu ya mpigaji akirekodi. Siku mtu akidai ulichota, huo ndio ushahidi.

Mpiga gitaa atie sahihi karatasi yake siku hiyohiyo, kabla hajafungua mlango kutoka: amelipwa kiasi gani, na ameruhusu onyesho lake litumike kwenye rekodi hii. Yeye naye ana haki za mwigizaji, ndiyo maana kilianzishwa chama cha waigizaji, PRISK.

---

Nusu_Toni

Nakubaliana na fundi, ila isije ikaeleweka vibaya: kupiga upya hakuondoi ruhusa ya utunzi. Nimeona watu humu wakisema "nimeplei mwenyewe kwa hiyo ni yangu". Gitaa ni lako, wimbo si wako. Na hapa hatuna leseni ya lazima ya kukupa haki ya kugeuza kazi ya mtu kuwa kazi mpya. Hata Marekani ile leseni yao ya lazima ni ya kuimba upya wimbo ulivyo. Haihusu kuchukua kipande na kukijengea kingine juu yake.

---

Mgawo_Sawa

Hesabu sasa, maana hakuna aliyeigusa.

Ukikubaliana na warithi, unawapa sehemu ya utunzi wa wimbo mpya. Masta ya wimbo mpya inabaki yenu, kwa kuwa gitaa mmelipiga wenyewe. Tuseme mmeafikiana nusu. Basi utunzi wa wimbo mpya ni: watunzi wa zamani 50, msanii 25, wewe 25. Hizo 50 wanagawana wao wenyewe, yule wa mabano akiwemo. Asilimia mia ni mia, haivimbi.

Kinachotokea kila mara ni hiki. Msanii ameshajiandikisha kwenye chama cha watunzi kwa 50, prodyusa kwa 50, kabla warithi hawajapigiwa simu. Warithi wanakuja na mkataba wao wa 50. Jumla 150. Chama kinaona mgongano, kinasimamisha malipo ya wimbo mzima, na hakuna anayepata hata senti mpaka wote watatu watie sahihi upya. Karatasi ya mgawo iandikwe mwisho, watu wote wakiwa wamejulikana, na kila mtu awasilishe tarakimu zilezile.

Skiza nayo ifikirie mapema. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki yaliweka kwamba mapato ya milio hiyo yamfikie mwenye haki si chini ya asilimia 52. Hiyo 52 ndiyo mtakayogawana, kwa hiyo mkataba na warithi useme wazi: asilimia yao inahesabiwa kutoka pato lililomfikia msanii, au kutoka pato zima? Nusu ya shilingi mia na nusu ya shilingi hamsini na mbili si kitu kimoja, na hilo ndilo huleta watu kupigiana simu usiku.

Elfu ishirini ni nini kwenye haya yote? Mkataba uchague: ni malipo ya mwisho, au ni advansi inayokatwa kwenye asilimia yao ya baadaye. Kijana akidhani ni zawadi ya kufungua mlango na wewe ukidhani umemaliza, mtakutana mahakamani Milimani.

---

wakili_wa_benchi

Naongeza kitu ambacho mwenye uzi hakuuliza. Umesema mdundo umeujenga wewe, na Mgawo_Sawa amekuhesabia 25 za utunzi. Una uhakika mdundo ni wako?

Kifungu cha 31 cha Cap 130: kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Msanii akikupigia simu, akakwambia nitengenezee biti ya hivi, akakulipa, na hamkuandikiana chochote, sheria inaanza kwa kumwegemea yeye. Biti uliyokuwa nayo kwenye rafu kabla hajaja ni habari nyingine, hiyo hakuiagiza. Mistari miwili inatosha kurekebisha: kwamba hakimiliki ya mdundo inabaki kwa prodyusa, na kwamba msanii amepewa leseni ya kuutumia kwenye wimbo huu. Na kumbuka kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya pekee bila maandishi yaliyotiwa sahihi hakuna nguvu. Leseni isiyo ya pekee inaweza kuwa ya mdomo, lakini ya mdomo jaribu kuithibitisha baada ya miaka mitatu.

---

biti_za_umoja

Wakili umenishtua. Hiyo mistari miwili inaandikwa leo.

Gitaa tutalipiga upya, mpigaji ninaye. Sasa zile nyingine mbili: sauti ya Mmarekani na lupu ya ngoma?

---

Karatasi_Kwanza

Lupu ya ngoma ndiyo nyepesi, lakini ina mtego mmoja. Pakua leseni ya tovuti hiyo ilivyo siku uliyopakua lupu, ihifadhi PDF pamoja na risiti. Kwa kawaida inakuruhusu kuitumia kwenye wimbo na kuuza, bila kulipa tena. Haikupi upekee: wengine maelfu wana lupu ileile. Sasa msambazaji akikuuliza kama unataka wimbo uingizwe Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, usikubali kama lupu hiyo inasikika uchi popote, hasa mwanzoni au mwishoni. Mfumo utaichukua kama yako, utaanza kudai video za watu wengine waliolipia kama wewe, wao watapinga, na msambazaji anaweza kukutoza au kukufungia akaunti. Weka ngoma nyingine juu yake, au iache Content ID.

Sauti ya Mmarekani, hapo hakuna njia ya mkato. Masta ni ya lebo, utunzi ni wa wachapishaji, na wote wakubali. Tafuta watunzi kwenye hifadhidata za wazi za ASCAP na BMI, vyama vya watunzi vya Marekani. Utaona watunzi na wachapishaji wao. Kama watunzi ni wanne kwa wachapishaji watatu, hizo ni barua tatu za utunzi na moja ya masta. Mmoja akikataa, basi. Ndiyo maana huwaandikii mmoja kwanza ukamlipa, halafu ukangoja wengine. Unaandika zote siku moja na hulipi yeyote mpaka wote wamejibu.

Ndani ya barua: jina la wimbo wa asili na wako, kipande kinaanza na kuisha wapi kwenye asili kwa dakika na sekunde, kinasikika mara ngapi na wapi kwenye wako, umekibadilisha vipi, mashairi yote, nani anatoa, lini, nchi zipi. Ambatisha faili tatu: wimbo wa asili, kipande peke yake, na wimbo wako. Barua isiyo na dakika na sekunde hurudi na maswali, ukapoteza mwezi.

Wengi watadai sharti la usawa: mwingine akipewa zaidi, nao wanapanda mpaka hapo. Kwa hiyo ukimwongezea wa mwisho, umewaongezea wote.

---

Mgawo_Sawa

Na usisahau KRA, mamlaka ya kodi. Mirabaha inayolipwa kwa asiye mkazi ina kodi ya zuio ya asilimia 20, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Kenya unaopunguza. Kwa mkazi ni 5. Mkataba wa lebo za nje kwa kawaida husema kiasi kilichotajwa kiwafikie bila makato. Wakitaka dola 500 mkononi, hesabu yako ni 500 gawanya kwa 0.8, yaani 625: wao 500, KRA 125. Ulipe iTax ndani ya siku tano za kazi tangu ulipokata. Watu hupanga bajeti ya 500, halafu hiyo 125 inatoka mfukoni.

Kwa maneno matatu yanayosikika mara mbili, na tarehe ya wiki sita? Mimi ningemwita dada wa kwaya aimbe maneno mengine kwa melodia nyingine, jioni moja ikaisha.

---

fundi_waya

Naunga mkono. Ila melodia iwe nyingine kweli. Akiimba ileile kwa maneno tofauti umerudi palepale kwa wachapishaji.

---

biti_za_umoja

Sawa, sauti inatoka, dada wa kwaya anaingia. Kijana wa marehemu nimemwandikia, anasema hati ya usimamizi ipo kwa mama yake huko Siaya, na mama ndiye aliyetajwa. La mwisho: wimbo nimpelekee mama kama WAV au MP3? Na mashairi kwenye WhatsApp yanatosha?

---

wakili_wa_benchi

MP3 kwa WhatsApp inatosha kusikiliza, lakini iwe ile yenye gitaa jipya. Usimtumie toleo lenye kipande cha santuri, kwa sababu atakuwa ameidhinisha kitu ambacho hukitoi, na umejitengenezea ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Mashairi yachape kwenye karatasi, kama kuna Sheng weka maana yake pembeni kwa Kiswahili au Kijaluo, mama atie sahihi kila ukurasa mbele ya shahidi asiye wa familia. Na jina lililo kwenye kitambulisho chake lilinganishwe na la kwenye hati, herufi kwa herufi. Kama hati inasema Atieno na kitambulisho kina jina la ndoa tu, kwanza apate hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yake.